Lugha Ambayo Mchwa Hawakuisikia

Kinyakyusa kilimtoka Ambakisye asubuhi ya Jumanne, naye akiwa anacheka.

Alikuwa amelala ubavu katika chumba cha upasuaji cha hospitali moja jijini Mbeya, kichwa kimeshikwa na vibanio. Kupitia tundu jembamba kwenye fuvu, mchwa walikuwa wakiingia. Ndivyo madaktari walivyoziita mashine zile, ndogo kuliko mbegu za mchicha, zilizotembea kwa maelfu ndani ya ubongo na kumega uvimbe. Kabla ya kumega, kila mchwa alipitisha umeme hafifu uliolitia ganzi eneo lililokuwa chini yake. Mgonjwa akikwama katika maneno, mchwa alijua hapo panatumika, akapaacha. Asipokwama, alimega. Ndiyo maana mgonjwa hakulazwa usingizi. Ilibidi aongee, na ndugu mmoja aliketi karibu ili kumwongelesha.

Ndugu huyo alikuwa Atupele, mdogo wake, aliyevaa kofia ya plastiki iliyomshuka hadi kwenye nyusi. Alianza kumjulia hali kwa Kinyakyusa, kama walivyozoea nyumbani.

"Atu, acha hizo," Ambakisye alimkatiza kwa Kiswahili. "Tuko na watu. Daktari atadhani tunamteta."

"Niteteni tu," alisema Dkt. Shekiondo, macho yake yakiwa kwenye kioo cha ramani. "Nina mawifi wanne, nimezoea."

Wauguzi walicheka. Ambakisye naye akacheka, kisha akaanza kueleza jinsi Atupele alivyoanguka na trei ya mayai kwenye harusi ya shangazi yao.

"Si ulinisukuma, kaka!"

"Viatu vya kuazima ndivyo vilivyokusukuma."

Kwenye kioo, ramani ya maneno yake iliwaka kijani, ikalindwa. Sehemu zilizobaki giza zilimegwa. Kabla ya upasuaji, daktari alikuwa amemuuliza anatumia lugha zipi. Alijibu kama alivyojibu siku zote mbele ya wageni, maana alilelewa kujua kwamba kusema kikwenu mbele ya asiyekielewa ni kumfungia mlango. "Kiswahili tu, daktari." Atupele alikuwepo, na yeye pia aliona ndiyo adabu.

Uvimbe uliisha wote. Maumivu ya kichwa yalikoma. Wodini, mbele ya wagonjwa wengine, yeye na Atupele waliongea Kiswahili tu, na aliporuhusiwa, Ambakisye akataka kwenda moja kwa moja Tukuyu kumwona mama.

Mama yao, Tupokigwe, alikuwa na ugonjwa wa usahaulifu. Kiswahili kilikuwa kimeshamtoka, pamoja na nyuso nyingi. Kilichobaki kwake ni Kinyakyusa na sauti ya mwanawe wa kwanza ikimjibu.

"Ugonile," alimsalimu mwanawe mlangoni, akimshika mikono.

Ambakisye alimtazama. Alilijua tabasamu lile, alizijua hata kucha zake. Lakini neno lilipita kama mlio wa ndege.

"Anasemaje?" alimuuliza Atupele.

Atupele alidhani ni utani. Alipomwona kaka yake bado anasubiri atafsiriwe, alikaa chini palepale kizingitini.

Mama aliongea, akasubiri, akaongea tena. Mwishowe alimgeukia binti yake akamuuliza kwa sauti ndogo: "Nimemkosea nini hata ananinyima maneno?"

Walirudi kwa Dkt. Shekiondo. Aliitazama ramani kwa muda mrefu, kisha akaizima.

"Mchwa walilinda walichokisikia," alisema. "Ni mimi niliyepaswa kuuliza zaidi. Samahani, baba."

"Kitarudi?"

"Chenyewe, hapana. Unaweza kujifunza upya, kama mgeni anavyojifunza."

Ambakisye alijifunza kama mgeni. Jumamosi zote Atupele alimfundisha, naye akapeleka kwa mama alichokipata. Siku alipotamka "ndaga", ile shukrani ambayo hata watoto wadogo huijua, mama alicheka hadi akashika ubavu.

"Mwambie mgeni wako anajitahidi," alimwambia Atupele. "Kwao ni wapi? Ana moyo mzuri. Natamani mwanangu angekuwa anakuja kama yeye."

"Kasemaje?" Ambakisye aliuliza.

"Kasema una moyo mzuri."

"Basi tu?"

"Basi tu, kaka."

Mama alifariki wakati wa mvua kubwa, mkono wake ukiwa katika mkono wa yule mgeni.

Siku hizi, katika chumba kile, mgonjwa haulizwi anatumia lugha zipi. Huulizwa alibembelezwa kwa lugha gani, na hiyo ndiyo huanza kusemwa, hata kama hakuna mwingine anayeielewa. Mnyakyusa asiye na ndugu akifika, Atupele huitwa kumwongelesha. Ambakisye bado anasoma. Jumamosi hii wanaanza maneno ya jikoni.