Kilichokuwamo Katika Damu ya Didas

Jumapili alfajiri, kabla ya misa ya kwanza, Avelina alimkuta mumewe, Didas, amejikunja kwenye sakafu ya jikoni, nyumbani kwao Tandika. Alikuwa ametapika, na weupe wa macho yake ulikuwa umegeuka manjano. Saa nne ilipofika, Didas yuko wodini na Avelina yuko mahabusu.

"Ni uji wake!" Eufrazia, dada wa mgonjwa, aliwaambia polisi. Alikuwa amefika mbio kutoka kwake Segerea. "Mdogo wangu anakula chakula cha mkono wa huyu mwanamke tu!"

Kesi alipewa Inspekta Hamdiya wa Temeke.

"Uliweka nini kwenye uji?" alimuuliza Avelina.

"Ulezi, sukari na ndimu, afande. Na mimi niliunywa."

"Mlikuwa mnagombana?"

"Kama watu wa ndoa. Juzi alilalamika chumvi imezidi." Avelina akafuta macho. "Nifungeni hata mwaka. Ila tafuteni alichokunywa, daktari aambiwe. Asife huku mnanihoji mimi."

Hamdiya hakuwa na la kumwambia daktari. Majirani walimnong'oneza kwamba Didas alikunywa gongo na Kondo, mpagazi mwenzake bandarini. Jumatatu mchana alimkuta Kondo kijiweni, anakunywa kahawa.

"Gongo?" Kondo alicheka. "Mlevi ni mie, afande. Yule mtu wa rozari! Alikuwa na chupa yake ya mizizi, dawa ya mgongo. Tukishusha saruji anapiga funda, nusu saa haijafika anatutania: 'Wazee, mmechoka nini?' Wiki iliyopita mgongo ulimzidi, akawa anainywa kama maji."

"Wewe uliionja?"

"Mara moja. Chungu! Na chini ina unga mweupe kama chokaa."

"Alipewa na nani?"

"Hakusema. Eti mwenye dawa kamkataza, akitaja jina nguvu inapotea."

Hamdiya alikuzwa na bibi aliyechemsha mizizi kila masika. Mashapo yake yalikuwa ya kahawia siku zote. Aliichukua chupa kwenye begi la kazi la Didas, akaipeleka hospitali jioni ileile.

Kesho yake asubuhi Daktari Albano alimwita pembeni.

"Damu na chupa vinasema kitu kimoja. Panadol, nyingi kupita kiasi."

"Hii ya dukani?"

"Hiyohiyo. Ukifuata kipimo, ni salama. Ikizidi hivi, inageuka sumu na kuua seli za ini. Kwa kawaida ini hujikuza upya: seli inanakili DNA yake, kisha inajigawa. Lakini dozi kubwa mno inaweza kukwamisha hata kunakili huko. Zilizokufa zimekufa, na zilizobaki hazizaliani."

"Hakuna dawa?"

"Ipo, tumemtundikia. Ingemfaa zaidi Jumapili." Daktari alishusha sauti. "Siku ile nilimuuliza dada yake kama mgonjwa alitumia dawa yoyote. Aliniapia kwamba hajagusa hata kidonge."

Hamdiya alitembea taratibu hadi mwisho wa korido. Eufrazia alikuwa kwenye benchi, anasali rozari.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Yule mwanamke kakiri?"

"Dada, wewe unakaa Segerea. Uliapaje kwamba Didas hakunywa dawa yoyote nyumbani kwake Tandika?"

"Namjua mdogo wangu."

"Na ile mizizi ya mgongo, ni yako?"

"Natibu watu. Ni kipaji cha Mungu."

"Panadol unazisagia wapi?"

Vidole vilisimama kwenye rozari.

"Mizizi ilikuwa inachelewa," alisema hatimaye. "Watu wakarudisha chupa. Nikaongeza kidogo, wakanisifu. Nikaongeza tena. Panadol, afande! Hata watoto wanapewa! Ingemuuaje mtu mzima?"

"Na daktari alipokuuliza?"

"Ningesema, nani angeniamini tena? Nilijua atapona tu." Alianza kulia. "Nilitaka iwe uji."

"Wangapi wengine wana chupa zako?"

"Sikumbuki, afande. Wallahi... jamani, sikumbuki."

Hamdiya aliwapigia simu askari wake waanze kupita nyumba kwa nyumba. Hakuwa na jina hata moja la kuwapa.

Adhuhuri Avelina aliachiwa, akaja moja kwa moja wodini. Didas hakumtambua. Daktari Albano alimtazama Hamdiya, akatikisa kichwa. Hamdiya alisoma dua kimoyomoyo.

Alipomsimamisha Eufrazia aende naye kituoni, Avelina alitoka mlangoni. Alifungua kitenge chake cha juu, akamtupia wifi yake mabegani.

"Chukua. Sakafu ya kule ina baridi."

"Avelina, wifi yangu, mimi..."

"Nenda. Mie nakaa naye."