Alitumia Picha Zangu Kumuunguza Dada Yangu

Nina umri wa miaka ishirini na mbili, naishi Dunda, hapa Bagamoyo. Niliishia darasa la saba. Mimi ni mtu wa aibu, mbele za watu ulimi wangu unakuwa mzito, na hata haya nimeyaandika polepole sana. Nivumilieni wasomaji wenzangu...

Kazi yangu ilikuwa kupiga picha. Kwetu, siku mwari anaposingwa, yaani anaposuguliwa mwili kwa liwa na manukato kabla ya harusi, mwanaume haingii ndani. Wanawake wamevua mitandio, wanacheza, wanataniana. Ndiyo maana walinitaka mimi, msichana. Kamera alinipa mjomba alipoacha kazi hiyo.

Tatizo lilikuwa lenzi. Ilikuwa kali mno! Ilitoa kila chunusi, kila kinyweleo, mpaka poda iliyokwama kwenye mikunjo ya shingo. Nilipopeleka picha za harusi ya kwanza, shangazi wa bibi harusi, Bi Tatu, aliishika yake kwa ncha za vidole.

"Mwanangu," akaniuliza, "huyu ni mimi au kenge?"

Walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nilirudi nyumbani nikalia.

Nikaanza kujaribu. Nilipaka mafuta ya mgando kwenye kipande cha kioo nikakiweka mbele ya lenzi, picha ikawa kama imepigwa kwenye moshi wa kuni. Nikajaribu wavu mweupe, nao ukaleta ukungu. Mwisho nikakata wavu mweusi wa mtandio wa zamani wa mama, nikauvuta juu ya lenzi, nikaufunga kwa rababendi. Katikati nikautoboa tundu dogo kwa kijiti cha udi kinachowaka, ili macho yasififie. Alhamdulillahi! Mashavu yalilainika, mikunjo ikapungua, macho yakabaki yanaongea. Mtu alikuwa yuleyule, ila hakuonekana kama anachunguzwa na daktari.

Bi Tatu alipoona picha yake mpya aliitundika sebuleni. Wateja wakaja mpaka kutoka Mapinga.

Sasa niwaeleze kuhusu Salha...

Salha ni mpambaji wa maharusi. Tulisoma madrasa moja, tumekula sahani moja. Yeye mdomo wake mwepesi, kwa hiyo pale niliposhindwa kuongea na wateja, alinisemea. Nilimwona kama ndugu wa tumbo moja. Mjinga mimi!

Siku moja alimleta binamu yake kutoka Miono, msichana mwenye madoa na chunusi. Akaniomba nimpige picha bila wavu, halafu nimpige tena na wavu. Alisema anataka tu kuona upambaji wake unavyotokea. Katikati akambadilisha binti mtandio na kumpaka poda. Sikuuliza kwa nini. Picha zote mbili nilizipiga ukutani palepale, na chai tuliyomiminiwa ilikuwa bado ya moto.

Kumbe Salha alikuwa anachanganya mkorogo wa kuchubua ngozi kwake na kuujaza kwenye vikopo visivyo na jina! Akawa anawaonyesha wanawake zile picha kwenye simu, mmojammoja, kwa siri. Anawaambia hii ni kabla ya krimu, hii ni baada ya wiki tatu. Na akawaambia nimezipiga mimi, ili waamini.

Aliyeamini kuliko wote alikuwa dada yangu Rukia.

Rukia alikuwa ameshaposwa na kijana wa Mapinga, mahari imeshaletwa. Alikuwa na madoa mashavuni, basi. Alijipaka kwa kificho, akitaka kutushangaza siku ya harusi. Siku za mwanzo uso uling'aa. Halafu ukawa mwekundu, ukawasha, ngozi ikaanza kubanduka. Alipokaa juani kidogo tu, mashavu yote mawili yakageuka meusi kama yameungua kwenye chungu. Hospitali walimwambia aache mara moja. Walisema ngozi itapona taratibu, lakini hawakumwahidi kwamba itarudi kama zamani.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Alinigeuzia ule uso wake uliovimba.

"Sikumwamini Salha," akasema. "Nilikuamini wewe. Nilisema mdogo wangu hawezi kupiga picha ya uongo."



Niliichukua kamera nikaenda kwa Bi Tatu, ambako wanawake walikuwa kwenye singo ya mjukuu wake. Salha alikuwepo, anampamba mwari. Nilitoa shikamoo, sauti haikutoka. Nikarudia. Nikawaeleza yote, kwa kigugumizi. Salha hakuacha hata kupaka wanja.

"Huyu kusalimia tu hawezi," akawaambia wenzake, "leo kaja na hotuba."

Wakacheka. Nikamwomba Bi Tatu akae karibu na dirisha. Nikampiga bila wavu, nikampiga na wavu, nikawapitishia kamera. Wakainama wote juu ya kioo cha kamera. Nilidhani nimeshinda...

Salha akaweka brashi chini. "Mmeona wenyewe? Mimi nimeuza krimu, na anayetaka ananunua. Nani amewapaka tambara usoni muda wote huu, mkamlipa na kumshukuru?"

Bi Tatu aliitazama ile kamera, akatazama picha yake ukutani.

"Kwa hiyo yule pale si mimi," akasema.

Nilijaribu kumwambia ni yeye, na kwamba ule wavu nilikuwa naufunga mbele ya macho yao kila siku. Nani alinisikiliza? Aliniambia nitoke, na nisikanyage tena kwake. Tangu siku hiyo hakuna aliyeniita. Kumbe siku zote walidhani wavu ule ni wa kuzuia vumbi, na hawakunisamehe kwa kuwaonyesha kazi yake halisi.

Rukia aliolewa. Alikaa siku nzima ameshusha shela usoni, na hakutaka kamera ya mtu yeyote. Mimi nilikuwa uani nakatakata vitunguu. Harusi ya dada yangu wa pekee haina picha hata moja! Sasa yuko kwa mumewe, na nikimpigia simu anapokea shemeji, si yeye.

Salha bado anapamba. Bado anauza. Tukikutana njiani ananiita shoga, na mimi namtemea mate pembeni. Watu wa dini wananiambia nisamehe. Siwezi, na sitaki kujifanya.

Nawasihi nyinyi mnaopiga picha, mtu akikuomba picha mbili za sura moja, muulize anazipeleka wapi, hata kama ni rafiki yako. Msione haya kuuliza kama nilivyoona mimi. Na wewe dada unayeshika kikopo kisicho na jina, usidanganywe na mashavu ya kwenye simu. Mwambie muuzaji akuletee huyo mtu mwenyewe, mchana, mkae naye, umtazame kwa macho yako. Akikataa, mrudishie kikopo chake.