Bi Mawazo na Waya wa Winchi

Kila siku akitoka shule, msichana yule alipita nyuma ya nyumba moja kwa moja hadi gereji ya shangazi yake. Alivua sare, akaitundika kwenye msumari ulio mbali na mafuta, akavaa ovaroli iliyokunjwa miguu mara mbili, kisha akaanza kuchambua nati: ndogo kwenye kopo la maziwa, kubwa kwenye kopo la rangi. Shangazi alimpachika jina la Bi Mawazo, nalo likamkaa. Mtu angeweza kumtuma spana akangoja mpaka akaota mvi. Akienda kumtazama, angemkuta amesimama, spana mkononi, anaangalia vumbi linavyoelea kwenye mwanga wa dirisha.

Shangazi alikuwa fundi wa magari, mwenye mikono yenye nguvu na maneno machache. Mdogo wake, baba yake Bi Mawazo, alikuwa dereva wa zahanati. Wiki ile gari la zahanati, lile refu la kupita kwenye tope na mawe, lilikuwa gerejini likifungwa winchi. Winchi ni mashine ya kuvutia: ina mota inayotumia betri, na silinda inayoviringisha waya wa chuma. Gari likikwama, dereva hufunga ncha ya waya kwenye mti imara, akabonyeza swichi, gari likajivuta lenyewe. Mvua zilikuwa zimeanza, na ng'ambo ya bonde kulikuwa na watoto wachanga waliosubiri chanjo. Msimu uliopita baba alikwama bondeni mpaka kukacha, maji yakipanda hadi milangoni. Safari hii hakutaka mchezo.

Siku ile kazi nzito ilikuwa imekwisha. Shangazi alikuwa ameifunga winchi kwa bolti nene hadi kwenye fremu ya gari, maana bampa peke yake, alisema, ikivutwa itang'oka kama jino bovu. Nyaya za umeme zilishafika kwenye betri. Ilibaki kuviringisha waya mpya, na kazi hiyo haifanywi waya ukiwa umelegea. Shangazi aliunyoosha wote uani, akafunga ncha yake kwenye mti, akalaza blanketi zito juu yake ili ukikatika usiruke. Kisha akaingia garini, mguu ukagusa breki kidogo, mkono ukashika rimoti. Gari lingejivuta taratibu kuelekea mtini, na waya ungejiviringisha ukiwa umekazwa. Tatizo ni kwamba aliyekaa nyuma ya usukani haioni winchi, boneti inamziba. Kwa hiyo alimsimamisha Bi Mawazo pembeni, mbali na waya.

"Leo macho yako ndiyo macho yangu," alimwambia. "Waya ulale mstari kwa mstari. Ukiona umepanda juu ya mwenzake, inua mkono nisimamishe."

Mwanzoni Bi Mawazo aliukodolea macho. Waya ulilala vizuri, unameta, na mota ilivuma kwa sauti moja ya kubembeleza. Halafu mawingu yakaja kwenye kioo cha mbele. Yalipita polepole juu ya uso wa shangazi, na Bi Mawazo akaona kwamba yale mawingu ni ng'ambo ya bonde, na waya ni njia nyembamba, na yeye anatembea juu yake bila viatu, chini kukiwa kijani kitupu. Mwisho wa njia alisimama baba, akimpungia mkono. Ilikuwa raha isiyo na kifani. Akili yake iliporudi uani, waya ulikuwa umeacha pengo, umeruka, umekatisha juu ya mwenzake, na mizunguko mingine ilishaanza kuufunika. Aliinua mkono nusu, akaushusha. Si unafunikwa, alijiambia, nani atajua?

Gari lilifika mtini. Kwa juu, waya ulionekana umelala bila kasoro. Shangazi akateremka, akauliza kama ulikwenda hivyo tangu mwanzo.

"Vizuri, Shangazi," alijibu, na ulaini wa sauti yake mwenyewe ukamshangaza.

Jioni chakula hakikushuka. Baba alimtania kwamba kesho akikwama hana shaka, maana waya umesimamiwa na mwanawe mwenyewe. Wote wakacheka, naye akacheka. Alipolala, ile njia ya waya ikarudi. Baba alikuwa bado anapunga mkono kule mwisho, ila sasa njia ilikuwa inalegea chini ya miguu yake.

Asubuhi ukungu ulijaa uani hata mti ukabaki shina tu. Muuguzi alishapakia masanduku ya chanjo na barafu yake, na baba alishawasha gari. Bi Mawazo akaja kusimama mbele ya bampa. Baba alipiga honi kidogo, akidhani ni mambo yake yale yale. Hakusogea.

"Baba, usiende," alisema, machozi yakimlenga. "Waya umepandana ndani. Niliona, nikanyamaza. Shangazi aliponiuliza, nikamdanganya."

Baba akazima gari. Muuguzi akatazama saa na kunung'unika kwamba barafu haimngoji mtu. Shangazi alivaa glavu, akaanza kuutoa waya. Safu ya juu ikatoka, iliyofuata ikatoka, kisha waya ukagoma. Ulikuwa umezama katikati ya mizunguko mingine, umebanwa. Alihangaika nao mpaka jasho likamtoka, ndipo ukachomoka. Akaupitisha mkononi wote, akaridhika kwamba haujaumia, kwa kuwa ulikuwa haujabeba mzigo. Bondeni, alimweleza mdogo wake, ungekandamizwa mpaka nyuzi zikatike, na waya ukikatika humchapa yeyote aliye karibu. Baba aliegemea mlango. Wakauviringisha upya, safari hii baba akiuangalia, Bi Mawazo akiwa amesimama palepale ndani ya ukungu, na gari likaondoka kwa kuchelewa, muuguzi bado amenuna.

Kutwa nzima darasani hakuambulia neno. Jua lilikuwa linaelekea kuzama gari liliporudi, tope hadi kwenye paa. Baba akasimulia walivyozama katikati ya bonde, maji yakianza kuja, alivyofunga waya mtini na kumsimamisha muuguzi mbali, na waya ulivyokaza ukalia, gari likatoka. Watoto wote walikuwa wamechanjwa. Muuguzi alimpa Bi Mawazo mkono wake wenye tope, akaushika wa msichana kwa muda mrefu.

Waya uliotumika hauachwi na tope lake. Kesho yake, siku isiyo ya shule, shangazi aliuosha, akaunyoosha tena uani, akauliza nani atakuwa macho yake. Bi Mawazo aliangalia nyuma, kama kuna mtu mwingine. Hakukuwa na mtu. Akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye si wa kuaminiwa.

Shangazi alipangusa mikono polepole. "Kuwaza si kosa, mwanangu. Hata mimi nikilala chini ya gari huwa nasafiri. Nilijua utapotea kidogo, ndiyo maana nilikuuliza. Kosa lilikuwa kuniambia ulilala vizuri. Macho yakishindwa, mdomo useme. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua, na kifo chenyewe kingempata baba yako."

Akaingia garini. Mota ikavuma, waya ukaanza kulala, na mawingu, kama yaliyoalikwa, yakaja tena kwenye kioo. Yalipita laini, meupe, na njia ile nyembamba ikaanza kufunguka. Bi Mawazo akashtuka, akainua mkono juu kabisa. Mota ikanyamaza.

"Umepandana?" shangazi aliuliza dirishani.

"Sijui, Shangazi. Mzunguko mmoja sikuuona."

Shangazi akateremka, akaulegeza waya, akaurudisha nyuma kidogo na kuutazama kwa makini. Ulikuwa umelala sawasawa. Alirudi kwenye kiti chake, akafunga mlango.

"Sasa naweza kukaa huku ndani bila wasiwasi," alisema, akabonyeza swichi.