Bango Lililofunikwa na Pesheni

Asubuhi Bibi Elisifa alifua mashuka, akapika kiburu cha ndizi na maharage, akakaa mlangoni kwake Soweto, mjini Moshi. Theodora, mke wa mwanawe Godlove, alikuwa anatoka Mtwara kwenda msibani Arusha. Angeshuka Moshi na kupata muda wa saa moja tu kabla ya basi la pili. Alikuwa na binti yake Kindness, mwenye miaka sita. Bibi yake hakuwahi kumtia machoni.

Simu ikalia.

"Mama, bajaji imeacha barabara kuu. Tupite wapi?"

"Pandeni juu, mkwe wangu. Mkifika dukani kwa Aminieli, shukeni kidogo."

"Juu wapi, mama? Huku ni tambarare!"

"Juu ni juu, jamani! Huko mlimani."

"Mlima siuoni. Ni mawingu matupu."

Bajaji ilizunguka mpaka muda ukaisha. Theodora akarudi stendi. Elisifa alilia, wala hakujificha. Miaka sita ya kungoja, halafu mtoto anapita mtaa wa pili tu!

Jioni akapita Dominika, mtendaji wa mtaa.

"Shikamoo mama. Mbona macho mekundu?"

"Marahaba. Mjukuu wangu kapotea hapa hapa."

Dominika akasikiliza yote. "Uliwatajia jina la barabara?"

"Jina gani? Si kipande tu hiki cha kutoka lami kubwa!"

"Ni kifupi, lakini kina jina lake. Ukikata kona pale njia panda, uko Barabara ya Mringaringa. Wewe ni nyumba namba kumi na nne. Sisi tukisema 'juu' tunajua ni kuelekea mlimani. Mtu wa Mtwara atajuaje?"

"Sasa mbona hakuna bango?"

Dominika akacheka. "Lipo, mama. Umelipandishia pesheni!"

Kweli bwana. Elisifa alikuwa ameona nguzo imara pale kona, akaipandishia pesheni yake. Sasa bango lote lilikuwa majani na matunda.

"Bango ni la watu wote," alisema Dominika. "Hata gari la wagonjwa linalitegemea. Tusilifunike, tusilianikie nguo."

Elisifa alichukua panga akakata. Pesheni ilimuuma, maana ilikuwa imezaa vizuri. Lakini hamu ya mjukuu ilimuuma zaidi.

Siku ya nne Theodora akapiga tena, yuko njiani kurudi Mtwara.

"Mama, nina saa moja tu."

"Mwambie dereva Barabara ya Mringaringa, namba kumi na nne."

Dakika kumi hazikuisha, bajaji ikasimama mlangoni. Akashuka mtoto mwembamba, ameshika viatu mkononi.

"Shikamoo bibi."

Elisifa alimpapasa mashavu, akampapasa paji la uso. Lilikuwa la Godlove kabisa.

"Bibi, mbona husemi marahaba?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Marahaba ya miaka sita yote."