Chafya ya Kihoto

Mtoto alipiga chafya, na Zeddy akacheka. Ukiniuliza mimi, hapo ndipo mambo yalipoharibika, ingawa wenyewe siku ile hawakuona kitu. Mtoto mchanga kupiga chafya ni habari gani? Hata mbuzi hupiga chafya.

Lakini hawa ni Wakipsigis, na kwao chafya ya mtoto ambaye hajapewa jina si ya kuchekewa. Mtoto akizaliwa, akina mama hukaa naye, wakampitishia ugoro kidogo puani, kisha wakaita majina ya wafu wa ukoo kwa sauti, moja baada ya jingine. Jina ambalo mtoto atalipigia chafya, basi, ndilo. Huyo marehemu amekubali kurudi nyumbani.

Mtoto wa Cheruto alikuwa bado hajaitiwa jina. Aliyeyajua majina yote ya ukoo ni mama mkwe wake, ambaye tangu mtoto azaliwe wote walimwita Kogo, yaani nyanya, na Kogo alikuwa kwake Olenguruone, mguu umefura hauingii kiatu. "Tungoje mama," alisema Kipkemoi, mume wa Cheruto, aliyefanya kazi kwenye visima vya mvuke huko Olkaria. Wakangoja. Cheruto hakunung'unika, kwa sababu alikuwa na lake moyoni. Mama yake mzazi, Taprandich, alikuwa amekufa mwaka uliopita katika wodi moja Nakuru, na Kogo alikuwa ameahidi kwamba wakishamaliza wafu wa upande wa baba, jina la Taprandich nalo litaitwa. Cheruto alitaka mama yake arudi. Hakutaka kingine. Mama yule, hata siku yake ya mwisho, pumzi zikimpaa, alimwuliza swali lile lile alilomwuliza kila jioni tangu utotoni: "Cheruto, maziwa umefunika?"

Sasa tuje kwa kazi. Cheruto alisomea historia chuoni Njoro, akafaulu vizuri sana, na hakuna mtu aliyewahi kumnunulia hata chai kwa historia ya Bonde la Ufa. Waliomlipa ni wazee fulani wa Uingereza waliokuwa wakiandika historia ya kaunti yao, kijiji kwa kijiji. Walipiga picha vitabu vya mazishi vya makanisa ya kale vilivyohifadhiwa kwenye ghala la nyaraka la kaunti, wakazituma kwa mtandao, naye akazisoma katika nyumba ya kupanga hapa Kihoto, hatua chache tu kutoka Ziwa Naivasha. Miandiko ya makasisi wale ingekukondesha. Kwa hivyo kazi waliifanya wawili: Cheruto anasoma kwa sauti, mtoto mapajani, na Zeddy, dada mdogo wa Kipkemoi, anapiga chapa.

Unaona kosa lilipo? Mtoto hana jina, na juu ya utosi wake mama anaita wafu mchana kutwa. Wasichana wawili na masomo yao yote, hakuna aliyeliona.

"Hannah Pask," Cheruto alisoma siku ile, kutoka kitabu cha kijiji kiitwacho Aldersea. "Mke wa mvuvi. Alichukuliwa na bahari pamoja na mtoto wake wa kike, asiyebatizwa. Miili haikuonekana."

Mtoto akapiga chafya.

"Amekubali," Zeddy akasema huku akicheka. "Cheru, umetuzalia mzungu."

Cheruto naye akacheka. Akampangusa mtoto pua, wakaendelea na kazi.

Kilichotangulia ni chumvi. Jioni ile alipombusu mtoto kwenye paji la uso, midomo yake ilionja chumvi, akafikiri ni jasho. Kesho yake nepi zilizoanikwa kwenye kamba zilikuwa zimekakamaa, zina unga mweupe kwenye mikunjo. Akaulamba. Ziwa letu hili, kama hujui, maji yake ni matamu. Ng'ombe wanakunywa, viboko wanakunywa, na chumvi haimo hata chembe.

Kisha ikaja harufu. Ilikuwa ya sufu iliyolowa, ya samaki, na ya majani fulani yanayooza ambayo si mafunjo ya ziwani. Kipkemoi alirudi kutoka kazini akasimama mlangoni, buti mkononi.

"Mmepika nini?"

"Ugali na sukuma," Cheruto akajibu.

"Hapana. Kuna kitu kimekufa hapa."

Walitafuta panya chini ya kabati, hawakumpata; walisikia tu mngurumo wa chini chini sakafuni, wakadhani ni ziwa. Na mtoto akaanza kukataa titi. Alilia mpaka sauti ikamkauka, akawa analia bila sauti, mdomo wazi tu, na hiyo ni mbaya kuliko kelele. Kitu kimoja tu ndicho kilichomtuliza. Cheruto akifungua kitabu cha Aldersea na kusoma, mtoto alinyamaza kabisa, akasikiliza, macho wazi, akitazama nyuma ya bega la mama yake.

Alasiri moja Cheruto alichoka. Alinyamaza katikati ya ukurasa, akafumba macho, na usomaji ukaendelea. Sauti ya mwanamke, ya chini, iliyo karibu na sikio lake, iliendelea kutaja majina pale alipoachia, polepole, kama mtu anayeita watu wa kwao.

"Zeddy," alinong'ona. "Ni wewe?"

Zeddy alikuwa ameondoa vidole kwenye kompyuta. "Si mimi. Cheru, tafadhali usigeuke."

Pasta aliitwa. Aliomba vizuri, sina neno baya juu yake, akaweka mkono juu ya mtoto, akakemea. Kisha akapewa chai, akanywa funda moja, akauliza kwa upole ni nani aliyetia chumvi. Aliaga kabla kikombe hakijapoa, na hakurudi kuulizia hali ya mtoto.

Halafu yakatokea ya beseni. Ilikuwa mchana kweupe, jua la kuchoma, Cheruto amemlaza mtoto ndani ya beseni kubwa la plastiki lenye blanketi, karibu na mlango ambapo hewa inapita, naye akageuka kutoa sufuria jikoni. Aliporudi beseni lilikuwa nje, kizingitini, akadhani ni Zeddy, akamwita Zeddy, na Zeddy akaitikia kutoka nyuma ya nyumba alikokuwa akianika nguo, na katika muda huo mfupi wa kuita na kuitikiwa beseni lilikuwa limefika kwenye nyasi, halivutwi na mtu, halina kamba, linateleza taratibu jinsi mama anavyosukuma kitanda cha mtoto, na Cheruto akakimbia na miguu ikawa mizito, akaliona likipita ile safu ya nyumba zilizohamwa maji yalipopanda, likaingia majini bila hata kutikisika, likaelea kati ya mafunjo kuelekea kule kwenye kina, na ndani yake mtoto wake, kwa mara ya kwanza tangu siku ya chafya, alikuwa anacheka.

Alimfikia maji yakiwa kifuani. Akambeba, akarudi naye nchi kavu, akaketi kwenye tope na kulia kwa sauti kubwa. Hakuona haya, na mimi nisingemwonea haya. Nywele za mtoto zilikuwa nyeupe kwa chumvi.

Siku iliyofuata Kogo alifika, mguu umefungwa kitambaa, amekodi pikipiki kutoka stendi. Hakutaka chai. Alimpakata mtoto, akampitishia ugoro, akaanza kuita. Aliita wafu wa ukoo wa Kipkemoi mmoja mmoja, kisha akarudia tangu mwanzo. Mtoto alilala macho wazi, pua haikucheza hata kidogo.

Kogo akaacha kuita. Akamtazama Cheruto, kisha Zeddy, binti yake.

"Nani ameita jina hapa kabla yangu?"

Zeddy ndiye aliyesema yote, akitazama chini. Kogo hakugomba. Angegomba ingekuwa afadhali.

"Huyo mwanamke si mbaya," alisema mwishowe. "Anatafuta mtoto wake. Wake hakuwa na jina, na huyu wetu hana jina. Atajuaje kwamba huyu si wake?"

"Anataka kumpeleka wapi?" Cheruto aliuliza, ingawa alijua.

"Alikokwenda na yule wa kwanza."

"Mama, mfukuze."

"Mimi? Ananijua mimi? Mgeni hafukuzwi na mgeni mwenzake. Aitwe na mtu wa kwao, akiwa kwao, aambiwe mtoto wake yuko huko. Na akitoka tu, jina la kwetu liingie hapo hapo. Nyumba haiachwi wazi."

Mtu pekee wa huko ambaye Cheruto alimjua ni Bi Maureen, mwenyekiti wa wale wazee wa historia, ajuza mpole aliyeishi peke yake na kumalizia kila barua pepe kwa kuulizia mvua ya Kenya. Cheruto alimpigia. Alimweleza kwa Kiingereza, akijua anaonekana mwendawazimu.

"Binti yangu," Bi Maureen alisema, "Aldersea haipo. Bahari iliila zamani, nyumba, kanisa, hata makaburi. Kuna genge tu, ardhi iliyokatika wima, na maji chini."

"Basi nenda kwenye hilo genge."

Mtoto alikuwa akilia kile kilio chake kisicho na sauti, pumzi tupu zikikwaruza, na simu ilizibeba pumzi zile mpaka Uingereza. "Nitakwenda," Bi Maureen alisema. "Siamini, lakini nitakwenda."

Siku ya kwenda ilipofika, simu iliwekwa mezani, spika imefunguliwa. Kipkemoi alishika mlango. Kogo alikuwa na mtoto na ugoro. Upepo wa huko ulivuma ndani ya chumba, na chini yake bahari, ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuisikia. Ndipo walipoitambua: ni sauti ile ile iliyokuwa ikinguruma chini ya sakafu yao majuma yote yale, nao wakidhani ni ziwa.

Bi Maureen aliita. Sauti yake ilitetemeka, kwa baridi au kwa aibu. "Hannah Pask. Rudi nyumbani, Hannah. Mtoto wako yuko hapa."

Mtoto akakaza mwili wote akawa mgumu kama ubao. Maji yakaanza kutoka chini ya kuta, yakapita katikati ya vidole vya miguu yao, baridi ambayo Naivasha haina, yakielekea mlangoni. Kipkemoi akaufungua. Kitu kikampita, akasema baadaye, kitu kilicholowa, na kilikuwa kinalia. Kisha sakafu ikawa kavu. Harufu ikaisha.

"Sasa," Kogo alisema, akanyoosha mkono wa ugoro, akafungua mdomo kuanza na wafu wa ukoo wake, kama ilivyo desturi.

Lakini Cheruto hakuweza kungoja zamu. Tumlaumu? Mimi nimejaribu, nimeshindwa. Alikuwa amengoja mwaka mzima, mlango ulikuwa wazi, na aliogopa mwingine asije akaingia kwanza.

"Taprandich," aliita. "Mama. Taprandich."

Chafya ikasikika. Ilikuwa kubwa, ya mtu mzima, na ilitoka mezani.

"Samahani," Bi Maureen alisema kwenye simu, akipenga kamasi. "Upepo huu. Mko salama huko?"

Zeddy alijishika mdomo. Cheruto aliitazama simu, kisha pua ya mtoto wake, kavu, iliyotulia.

"Huyo si mtoto," alimwambia Kogo. "Mama, huyo ni mzee tu, ana mafua. Haihesabiki. Mwambie haihesabiki."

"Ni wewe uliyeita," Kogo alisema taratibu. "Mimi nilikuwa bado."

"Basi ita tena."

"Ameshakubali, mwanangu. Mtu harudi mara mbili."

Kogo akaendelea na kazi iliyomleta, kwa sababu mtoto ndiye aliyekuwa hai. Alipofika kwa Tabutany, nyanya ya babake Kipkemoi, mtoto akapiga chafya ndogo, safi, akaanza kulilia titi. Cheruto alimnyonyesha. Machozi yake yalimdondokea mtoto usoni, na akayapangusa haraka, maana yalikuwa na chumvi.

Mtoto alinenepa. Ni Tabutany, ana meno, ana makelele, humwambii kitu. Nyumba ya Kihoto waliihama, wakapanga juu zaidi, mbali na maji. Cheruto aliendelea na vitabu vya mazishi, ila sasa anasoma kimya.

Jumapili moja Bi Maureen alipiga kuulizia ukurasa fulani uliofifia. Walimaliza habari ya ukurasa, naye hakukata simu. Alisema kwa kusitasita kwamba tangu siku ile ya genge hajielewi vizuri. Anaamka kabla ya jua na kusikiliza ng'ombe, naye hajawahi kufuga hata paka. Ameanza kupenda maziwa yaliyolala, yenye ladha ya mkaa, kama yale ambayo Wakipsigis hulaza kibuyuni. Daktari anasema ni uzee.

"Pengine ni uzee," alisema.

Kisha Cheruto alisikia pumzi tu, halafu koo likisafishwa kwa namna aliyoifahamu tangu tumboni, na sauti ile ya kizungu ikasema, kwa Kikipsigis kisicho na kasoro: "Cheruto, maziwa umefunika?"

Sufuria ilikuwa juu ya jiko, wazi.

"Bado, mama," Cheruto akasema. "Nafunika sasa."

Akainuka, simu sikioni, akachukua kifuniko, akafunika, akasimama hapo mkono ukiwa juu yake mpaka joto likamchoma. Upande wa pili Bi Maureen alikuwa ameanza kuuliza kwa Kiingereza kama laini imekatika, kwa sababu hakumbuki alikuwa akisema nini.