Kuchomwa Bila Moto

Kila asubuhi kijijini kwao Marui, Zuwena alifagia uwanja, akateka maji na kubandika chai. Kazi hizo hazikumsumbua. Iliyomsumbua ni ile ya mwisho kabla ya kwenda shule: kumbadilishia mama yake dawa.

Mama yake, Mwanahalima, alikuwa na uvimbe kwenye titi kwa miezi kadhaa. Jirani yao Maulida alimletea dawa ya kubandika, mavi ya mbuzi yaliyokandwa kwa mafuta ya papa yaliyochacha. Uvundo wake ulimfuata Zuwena mpaka darasani. Wenzake walisogeza madawati, na Amiri akamwuliza kama kwao wanafuga fisi.

Siku moja alipobandua kitambaa, ngozi ilitoka nacho. Chini yake palijaa usaha wa kijani, na ndani ya usaha funza walikuwa wakijinyonganyonga. Zuwena alikimbilia nje akatapika. Aliporudi, alichukua dawa yote akaitupa chooni.

Mama alimfokea. Sasa atajitibu kwa dawa gani? Daktari wa Kisarawe alikuwa amemwelekeza hospitali Kibaha, lakini huko mama aliapa hakanyagi. Mjomba wake aliwahi kuchomwa kidonda kwa chuma cha moto, na mayowe yake hajayasahau.

"Kwani Kibaha wana moto?" Zuwena aliuliza.

"Daktari alisema mwenyewe. Watanichoma kwenye uvimbe, wachukue nyama ya kupima."

Zuwena akapandisha mkono wa shati la sare. "Mama, wasichana wote shuleni tulichomwa chanjo. Hebu nitafutie kovu la moto hapa."

Mwanahalima aliutazama mkono ule laini. Akasema kwa sauti ndogo, "Sindano?"

"Sindano, mama. Hukumwuliza?"

Hakuwa amemwuliza.

Kibaha walipokelewa na Daktari Imakulata, mama mtu mzima. Alipoona kidonda alikunja uso, akauliza ni nani aliyempaka kinyesi mtu mzima mwenye akili zake. Alikisafisha, akampa dawa, akamwambia arudi kikianza kukauka.

Siku ya kipimo, Zuwena aliruhusiwa kumshika mama mkono. Daktari alipaka ute wa baridi, akapitisha kifaa cha ultrasaundi juu ya titi. Kwenye skrini uvimbe ukaonekana kama kokwa jeusi. Akachoma ganzi, kisha akaingiza sindano kupitia ngozi nzima, mbali na kidonda. Sindano ilionekana kama mstari mweupe, ukasogea taratibu hadi ukagusa kokwa. Hakukuwa na kupasua wala kushona. Vipande vya nyama vilivyotoka vilikuwa vyembamba kama tambi.

Majibu yalipotoka, daktari aliwaita ndani.

"Uvimbe wako si saratani," alisema. "Kilichokuwa kinakuozesha ni ile dawa yako."

Mwanahalima aliinamisha kichwa.

"Ingekuwa saratani, ingekutafuna miezi yote hiyo huku umeifunika kwa mavi," daktari aliendelea. "Binti yako kanisimulia habari ya moto. Tukitamka neno usilolielewa, utuulize hapo hapo. Sisi ndio tuone aibu kwa kutoeleza, si wewe kwa kuuliza."

Walipotoka nje, Mwanahalima alisimama, akamgeukia binti yake.

"Niliogopa neno, mwanangu," alisema, "nikakumbatia uchafu."