Klore Mama na Ngozi ya Léonie

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nasema mapema, ili usipoteze muda kumtafuta mwingine.

Ninaitwa Cikuru. Kazi yangu ni kutia klore, dawa ya maji, katika bidoni za watu pale ukingoni mwa Ziwa Kivu. Mtu anachota maji katika dumu lake, anakuja kwangu. Ninavuta klore kidogo kwa sirinji, natia katika bidoni yake. Anangoja nusu saa, kisha maji yanaweza kunywewa. Ndivyo tunavyokimbiza kolera hapa Goma.

Mimi pia ni mtu wa kutania. "Mama, bidoni yako hii ni muzee kuliko bwana yako!" Mama anacheka, foleni inasogea. Sikujifunza kutania kwa raha. Volkano ilipokula nyumba yetu upande wa Kibati, nilimwambia mke wangu Nabintu: "Angalau leo hautafagia." Hakucheka. Lakini aliacha kulia.

Sasa tunapanga chumba cha mbao kule Ndosho, katika parseli ya Papa Védaste. Parseli ni uwanja mmoja: vyumba vinne, choo kimoja, na mawe meusi ya volkano kila mahali. Papa Védaste ni mzee aliyefiwa na mke. Kila asubuhi alikuwa anakuja mlangoni kwetu kumchukua binti yetu Léonie, ambaye hajafikisha mwaka. Anamrusha juu, anamdaka, anamwita "bibi yangu". Léonie anamchekea kwa meno yake mawili.

Asubuhi moja alimnyanyua kama kawaida. Kitambaa cha mtoto kikateleza. Papa Védaste akaona mapaja. Ngozi ilikuwa imewaka, imejaa vipele vidogo vidogo. Akamrudisha Léonie mikononi mwa Nabintu haraka, kama mtu aliyeshika sufuria ya moto.

"Mama Léonie, hii ni nini?"

"Ni upele tu, Papa. Ilianza juzi."

"Upele? Mimi nasikiliza redio kila siku. Hii ni mpox, ile ndui ya nyani!"

"Papa Védaste, ee! Usiseme hivyo."

"Ninasema! Batu wote hapa tunatumia choo moja. Mimi sitaki mpox katika parseli yangu."

Akaenda kunawa mikono. Alinawa kwa muda mrefu, katikati ya uwanja, ili kila mtu aone. Kabla ya saa sita, majirani walikuwa wameondoa mabeseni yao karibu na yetu.

Nabintu alifunga kitenge kiunoni. "Ninaenda kituo cha afya."

"Hauendi," nikamwambia. "Ukipita barabarani na mutoto, watasema ni kweli. Niachie mimi. Kazi yangu ni nini? Si kuua vijidudu?"

"Vya maji, Cikuru."

"Kijidudu ni kijidudu."

Nilipotoka kazini nilibeba klore mama katika chupa ya soda. Klore mama ni ile kali tunayotengeneza kwanza. Tunaiita mama kwa sababu ndiyo inazaa zile nyingine zote. Kidogo tu katika sirinji inatosha bidoni nzima. Mimi nilimwaga chupa yote katika beseni lenye maji kidogo.

Jua lilikuwa bado halijazama. Nabintu akaziba pua. "Inanuka sana."

"Inanuka usafi," nikajibu.

Mimi ndiye niliyekuwa ninamwogesha Léonie siku zote. Ulikuwa mchezo wetu. Akaingia katika beseni akicheka, akapiga maji kwa viganja kama kawaida. Kisha akanyamaza. Kisha akalia kilio ambacho sijawahi kukisikia kwake.

Na mimi, mtu wa kutania, nikasema: "Aa, mademoiselle, usafi unauma!" Nikaendelea kusugua. Ndiyo. Nilisugua.

Nabintu alimnyakua kutoka mikononi mwangu. Alikimbia naye nyuma ya parseli, kwa Umurerwa, muuguzi wa kituo cha afya, ambaye alikuwa anaosha vyombo vyake mlangoni. Nikawafuata na taulo mkononi kama mpumbavu.

Umurerwa alinusa mara moja tu. "Leteni maji safi. Mengi!"

Akaanza kumwagia Léonie maji polepole, juu ya ngozi, bila kusugua. Bidoni yake iliisha. Tukaleta yetu ya kunywa, nayo ikaisha. Ndipo akaniangalia.

"Papa Léonie, ulimuweka nini?"

"Klore kidogo."

"Kidogo gani?"

Nikamwonyesha chupa.

"Chupa ya soda!" akasema. "Kesho mutoto mwingine ataona soda, atakunywa. Utamuambia nini mama yake?"

Nikaificha chupa nyuma ya mgongo.

"Nikuulize. Wewe unakula chumvi?"

"Ninakula."

"Basi kula kilo moja, tuone." Akamfunika Léonie kwa kitambaa safi na kikavu. "Klore kidogo katika maji inaokoa batu. Kali hivi inachoma ngozi. Na ngozi ya mutoto ni nyembamba kuliko yako. Yako imekomaa, hata aibu haipiti."

Ingekuwa siku nyingine ningemrudishia utani. Siku ile nilitazama chini.

Asubuhi mapaja ya Léonie yalikuwa na malengelenge. Tulienda kituo cha afya. Umurerwa alivaa glavu, akamtazama kila mahali: uso, kinywa, viganja, nyayo. Akampima homa. Hakuwa nayo.

"Sasa ni mpox ao hapana?" nikauliza.

"Jana asubuhi mungemuleta, nafikiri ningekujibu pale pale. Mama Léonie, huo upele ulikuwa wapi?"

"Hapa tu," Nabintu akasema. "Pale kitambaa kinafunika."

"Na hakukuwa homa?"

"Hapana."

"Unaona, Papa Léonie? Hiyo inafanana na ngozi yenye kuchoshwa na mkojo. Batoto wengi wanaipata. Lakini leo mutoto iko na malengelenge, na mpox nayo inaleta malengelenge. Mimi nafikiri haya umeyatengeneza wewe. Lakini siwezi kufikiri tu. Ninalazimika kuchukua kipimo, na mungoje majibu katika hema."

Hema ile ni nyeupe. Iko mbele ya kituo, karibu na barabara. Ndosho yote inapita pale: wa pikipiki, wa miguu, wa kubeba makaa. Klore yangu ilikuwa imetupeleka mahali ambapo upele usingetupeleka kamwe. Papa Védaste alipita, akasimama, akatutazama kupitia wavu. Nabintu alimpungia mkono. Hakupunga. Akaenda haraka, na mimi nilijua anapeleka habari gani.

Mle hemani Umurerwa alimfunga Léonie vidonda, akamwonyesha Nabintu. "Hivi vya kuchomwa tutavisafisha sisi hapa. Nyumbani usipake kitu mpaka vifunge. Si dawa ya meno, si mafuta, si majani. Sasa niambie, vitambaa vyake unafua na nini?"

"Sabuni ya unga."

"Unasuuza na maji mengi?"

Nabintu akacheka bila furaha. "Maji ya wapi? Ninasuuza mara moja, ninaanika juu ya mawe."

"Na wakati unamubeba mugongoni?"

"Ninafunga sasheti ya plastiki juu ya kitambaa, ili mkojo isinilowanishe."

"Basi mutoto anakaa katika mkojo, sabuni na joto, na mulango imefungwa. Hata mimi ningewaka. Sasheti, tupa. Kitambaa kikilowa, badilisha saa ile ile. Muoshe na maji safi, mkono laini. Sabuni iwe ya kipande, isiyonukia, na kidogo tu. Mukaushe hivi, kwa kugusagusa. Usisugue." Hapo alinitazama. "Kila siku umuache muda bila kitambaa, ngozi ipate hewa. Vidonda vikisha kufunga, paka vazelini kidogo isiyonukia, ili mkojo isiguse ngozi. Na wewe unawe mikono na sabuni kabla ya kumugusa, na baada ya kumubadilisha."

"Na vitambaa?"

"Suuza mpaka povu iishe. Anika kwenye kamba, juani. Juu ya mawe kunashika vumbi ya volkano, inakwaruza kama msasa."

"Maji ya kusuuza mpaka povu iishe," Nabintu akasema polepole. Alikuwa anasema na Umurerwa, lakini maneno yalikuja kwangu. "Bwana yangu anatia dawa bidoni za Goma yote. Yetu tu ndiyo inalala tupu."

Lile lilinichoma vizuri, bila klore. Ni kweli. Nilikuwa ninashinda ziwani na kurudi mikono mitupu, na yeye anapanga foleni na mtoto mgongoni.

Umurerwa alikuwa na neno moja bado. "Upele ukisambaa, ukitoa usaha, ao mutoto akipata homa, ao vipele vikitoka usoni na viganjani, mumulete siku ile ile. Hata kama batu wanaangalia. Mukificha, ugonjwa haujui kama umefichwa."

Majibu yalikuja: hakuna mpox. Umurerwa mwenyewe alitusindikiza mpaka nyumbani ili aeleze. Papa Védaste hakumfungulia mlango. Alisema kupitia dirisha: "Wewe nawe unashika bagonjwa. Mwezi ukiisha, watoke." Godoro letu alikuwa ameshalitoa nje, na mvua ilikuwa imelipata.

Tulifanya kama tulivyofundishwa. Kila nikitoka kazini ninabeba bidoni ya maji mpaka Ndosho. Nabintu anasuuza mara mbili, mara tatu, mpaka maji yanabaki kama yalivyoingia. Tulifunga kamba kati ya chumba na choo. Sasheti hatuna tena. Kazini, klore mama haitoki nje ya sanduku lake, na kila chupa ina alama.

Ngozi ya Léonie ilipona. Upele haukurudi. Katika paja la kushoto palibaki doa jeupe, upana wa kiganja changu. Umurerwa anasema rangi inaweza kurudi polepole. Nami ninangoja.

Lakini kumwogesha, hapana. Nikishika beseni tu, analia. Hata harufu ya klore katika shati langu inatosha kumfanya ageuze uso. Basi nikifika nyumbani ninanawa mikono mpaka viwiko kwa sabuni, ninabadilisha shati, ndipo ninamwomba kwa mama yake. Siku nyingine anakuja. Siku nyingine hataki. Nilizoea kumchekesha kila mtu katika foleni, na mtu mmoja tu ninayemtaka acheke ananichungulia kwanza mikono.

Mwezi ulipoisha, Papa Védaste alikuja. Ilikuwa asubuhi, na uwanja ulikuwa umejaa majirani. Nabintu alikuwa anaanika vitambaa. Léonie alikuwa amekaa juu ya mkeka, bila kitambaa, anaota jua.

"Mama Léonie, mwezi imeisha."

"Papa, mutoto amepona. Muangalie mwenyewe."

"Siangalii kitu. Mulikuwa katika hema, Ndosho yote iliwaona."

"Tulikuwa tunangoja majibu," nikasema. "Majibu yalisema hapana. Kosa ilikuwa yangu, Papa. Mimi ndiye nilimuchoma. Kama ni kufukuza mutu, nifukuze mimi, waache hawa."

Sikuwa na utani wowote wa kuongeza.

"Kila mutu anaweza kusema majibu, majibu!" Papa Védaste akapandisha sauti. "Mimi niliona na macho yangu. Niliambia batu wote wa barabara hii ni mpox, na siwezi kurudisha maneno yangu kwa ajili ya mupangaji!"

Léonie alimsikia sauti. Akageuka, akamwona, akamnyooshea mikono yote miwili, kama zamani, arushwe juu. Mzee alitazama ile mikono. Mguu wake ulisogea kidogo, kisha akaurudisha. Bado tunapanga kwake, lakini mpaka leo hajamrusha tena.

Nabintu aliona yote. Akabana kitambaa cha mwisho kwenye kamba, akapangusa mikono yake, akamgeukia.

"Papa Védaste, hema ingali pale. Mutoto wangu alisha kupimwa. Sasa imebaki ulimi yako."